Nisafishie Zote

Kitu cha kwanza ambacho mtu hukiona kwa dobi yule ni ncha za vidole vyake. Zimelainika na kung'aa kama vifungo vya shati, hazina mstari hata mmoja, kwa kuwa kwa miaka thelathini na minne amekuwa akipima joto la pasi kwa kuigusa. Akionywa hucheka tu.

"Vidole hivi vimeshahitimu, bwana. Haviungui tena."

Lakini kuhitimu huko kuna hasara yake. Simu za kugusa kioo hazimtambui. Atapapasa, atagonga, atasugua, na kioo kitabaki kimetulia kama maji ya mtungini.

"Hata simu imeshajua wewe si mtu," mkewe humtania. Mkewe ni mpishi wa shule; hutoka alfajiri na simu yake, akarudi jioni. Mchana kutwa dobi hubaki nyumbani na mama yake mzazi, yeye kwenye meza ya pasi, mama kwenye kiti karibu na dirisha.

Mama ana maradhi ya kusahau. Hapo nyumbani wamejitungia lugha yao kuhusu jambo hilo. Siku anapowatambua watu, husema, "Mama amefika." Siku nyingine zote husema, "Mama bado." Jirani akichungulia dirishani na kuuliza, "Bi mkubwa yupo?" hujibiwa, "Yupo, ila hajafika." Hapo awali alikuwa akifika kila siku. Baadaye ikawa mara moja kwa wiki. Mwaka huu alikuwa amefika mara nne tu, na daktari hakuzunguka mbuyu: siku hizo zitazidi kupungua, mpaka ziishe.

Basi dobi akataka jambo moja. Siku mama atakapofika tena, ampige picha akiwa na yale macho yanayojua yanamtazama nani. Picha zilizopo zote ni za harusi za watu, mama amesimama safu ya nyuma, amezibwa na kofia ya mtu. Simu ya dobi ni ya vitufe, na picha zake hutoka kama uji. Ndipo akaenda kutafuta kamera ndogo ya dijitali, ile ya kuelekeza na kubonyeza, yenye kitufe cha kweli kinachozama kidole kikikikandamiza.

Muuzaji wa duka la kamera alikuwa mwanamke mchangamfu ambaye mashati yake ya kazi hupigwa pasi na dobi huyo huyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Nataka kamera."

"Ya kazi gani?"

"Ya mama."

Muuzaji akampangia tatu juu ya kioo cha kaunta: ya kijivu, nene, inayotumia betri za redio; nyeusi yenye lenzi ndefu; na nyekundu, nyembamba kama kipande cha sabuni kilichokaribia kwisha.

"Hii ina megapikseli kumi na sita. Hizi mbili zina ishirini."

"Uso wa mtu mzee unahitaji ngapi?"

Muuzaji akakuna kichwa. "Mmh. Inategemea, mzee."

"Makunyanzi ni mengi."

"Basi chukua ishirini. Na hii nyeusi ina zumu, inavuta mara ishirini na tano!"

"Mama yangu yuko hatua tatu kutoka kwenye meza yangu, binti. Nikimvuta mara ishirini na tano, si ataangukia kwenye pasi?"

Wakacheka wote wawili, lakini kicheko cha dobi hakikufika mbali. Kati ya mashati mia moja angeweza kukuonyesha lenye kitambaa cha kudanganya kwa kulinusa tu. Hapa, mbele ya vidude vitatu, alikuwa kipofu mwenye macho mawili. Kila jibu alilopewa lilizaa swali, na kila swali lilimpunguzia kimo. Muuzaji akamwonea huruma.

"Sikiliza, mzee. Wewe hujawahi kunipotezea hata kifungo. Nenda nazo mojamoja ukazijaribu, ukipata ya kukufaa ndiyo tutaongea."

Jumatatu akaondoka na ya kijivu. Ilikuwa na uvivu, ukiibonyeza inavuta pumzi kwanza, kisha ndiyo inapiga. Kufikia hapo mama alikuwa ameshageuka, na dobi akaambulia visogo vitatu na ukuta. Jumanne akachukua nyeusi. Alipoiwasha, lenzi ikachomoza kama kichwa cha kobe, na mama akajikunyata kitini.

"Ondoa bunduki yako, bwana! Mimi sina kitu!"

Akairudisha jioni ile ile. Jumatano akachukua nyekundu.

Mchana wa siku hiyo alikuwa akipiga pasi kola ya shati la mteja, na kamera iko kando ya kopo la maji. Nyuma yake akasikia mtu akiita.

"Kijiti."

Hilo ni jina ambalo mama alimpa utotoni kwa wembamba wake. Hakuna mwingine duniani anayelijua isipokuwa mkewe, naye halitumii ila wakigombana.

"Naam, mama."

"Kijiti, ni nini hiki? Umemeza mto?" Mama alikuwa akilitazama tumbo lake, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Dobi akashika kamera. Akabonyeza, ikapiga hapo hapo. Mama akicheka. Mama akimnyoshea kidole. Mama akifuta machozi ya kicheko kwa pindo la kanga. Picha kumi na moja. Shati la mteja likaungua kola nzima, la kwanza tangu aanze kazi, na moshi wake hakuusikia. Robo saa haikutimia, mama akatulia, akamtazama kwa adabu.

"Bwana, umekuja kusoma mita ya maji?"

Jioni mkewe alizitazama picha kwenye kile kioo kidogo, akafunika mdomo kwa kiganja. "Huyu hapa," alisema. "Huyu ndiye mama mkwe wangu."

Alhamisi dobi akaenda dukani, moyo mweupe kama shuka za hoteli.

"Nimechagua. Nyekundu."

"Hongera, mzee!"

"Sasa nisafishie picha zilizomo."

Kwa watu wa umri wake, neno hilo lina maana moja. Picha husafishwa. Unapeleka kamera kwa mpiga picha, anasafisha, unaondoka na bahasha yenye picha za karatasi. Hata yeye, aliyeishi kwa kusafisha, hakuwahi kulitilia shaka.

"Zote?" muuzaji akauliza.

"Zote. Usiache hata moja."

Muuzaji akabonyeza mara mbili, akasubiri kidogo, akabonyeza tena. "Tayari, mzee. Nyeupe kabisa."

Dobi akaendelea kusimama. Muuzaji naye akasimama.

"Ziko wapi?"

"Nini, mzee?"

"Picha zangu."

Rangi ilimtoka muuzaji usoni hata kabla hajajibu. Kadi ya kamera, iliyokuwa na picha alizozifuta, ikapelekwa kwa fundi wa kompyuta wa jirani, akaihangaikia mpaka jioni, akatikisa kichwa. Muuzaji alilia waziwazi, akisema ni kosa lake. Dobi hakuweza hata kukasirika; angemkasirikia nani? Ulimi ulikuwa wake. Alirudi nyumbani na kamera yake nyekundu ndani ya kiboksi, nyepesi mno mkononi.

"Ulimpa neno la marehemu," mkewe alisema polepole. "Watoto wa leo hawalijui." Kisha hakumtania tena usiku ule, na hilo lilimwuma zaidi.

Ijumaa hakuna. Jumamosi hakuna. Mama alimwita mwanawe mara daktari, mara kondakta, mara bwana. Dobi alipiga pasi huku akimtupia jicho kila mara, akijua kwamba kuna mlango ambao hawezi kuubisha wala kuuvunja.

Ni mkewe aliyekumbuka kumpigia simu mama mdogo, mdogo wake mama wa mwisho aliye hai. Hawajaonana miaka saba. Kizee kile hakikungoja kuombwa.

"Nakuja Jumapili! Na mwambieni asithubutu kunisahau. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfungulia dirisha akichelewa kurudi. Nikianza kumsimulia yale, ataamka tu!"

Leo ni Jumapili. Mama ameogeshwa, amevalishwa gauni la buluu lililopigwa pasi mara mbili. Ametazama ukutani tangu asubuhi. Simu ya mkewe imelia sasa hivi: mama mdogo ameshashuka kituoni, anakuja kwa miguu, amekataa kubebewa mkoba. Dobi ameichomoa kamera kwenye chaji. Amesimama kati ya kiti na mlango, kidole chake kimelala juu ya kitufe, na huko nje, kwenye kona ya barabara, kuna mtu anaongea kwa sauti kubwa na kila anayepishana naye.