Nyota ya Baba Yaenda Mjini

Nlitoka Bwejuu Jumatatu kwa sababu ya maneno ya Mzee Simai. Mjukuu wangu Ali alikuwa aoe Ijumaa, na kwetu bwana harusi hatoki nje bila ya nyota ya marehemu baba yangu, Haji wa Kombo, nishani aliyopewa na Waingereza aliporudi vitani Bama, ng'ambo ya bahari. Simai ni ami yake bibi harusi, na ndiye walii wake tangu baba yake kufariki. Siku ya posa akaiona nyota kifuani kwa Ali, akacheka mbele za watu.

"Hiyo si ya kuuziwa watalii hiyo? Haji hakuvuka hata hapo kisiwani Chumbe! Mie simuozeshi mtu aliyevaa uongo."

Wenzangu wakanambia, basi Bi Mashavu, iwekwe sandukuni yaishe. N'kakataa. Kama ya uongo, nijue mie kabla sijafa. Kama ya kweli, Ali ataivaa na Simai ataiona.

Saa moja asubuhi nlipanda gari ya mwani ya mpwa wangu Mcha. Nyuma magunia, mbele mie na Mcha, na nyota nimeifunga ncha ya kanga. Tulipofika Jozani kima wawili wakakaa njiani wanachambuana chawa, hawana habari na sisi. Mcha akapiga honi.

"Waache," n'kamwambia. "Hawana harusi wale."

"Na ukiambiwa ya uongo, mama mkubwa?"

"Wewe tazama njia."

Mpendae tulishuka kwa binti yangu Asha. N'kanywa chai na mikate miwili ya chila, wa tatu n'kauacha, roho haikutaka. Asha akavaa buibui tukafuatana.

Saa nne tulikuwa Darajani, tukaingia vichochoroni. Duka la mwanzo lilikuwa la vinyago na vitu vya zamani, muuzaji kijana amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Akaipindua nyota mara moja tu.

"Bibi, hii bandia. Utepe wake wa kanga! Na nyuma imegongwagongwa kwa msumari. Serikali haiandiki kwa msumari."

Nlikaa kwenye baraza ya watu nisiowajua, Asha ananipepea. Maana utepe kweli wa kanga, na msumari kweli upo. Mwenye nyumba, Bi Rukia, akatoka na maji. Alipojua shida yetu akasema, "Yule anauza vinyago, anajua nini? Nendeni Hurumzi kwa Bi Shemsa, binti wa fundi saa."

Adhuhuri haijaadhiniwa tukafika kwa Bi Shemsa. Mwanamke wa miaka sitini hivi, lensi ya fundi saa inaning'inia shingoni, saa ukutani na hakuna mbili zinazokubaliana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta kitu, na nnaogopa."

Hakucheka. Alitandika kitambaa, akatoa nyota nyingine kutoka kwenye kisanduku, akaziweka pamoja, akatia lensi jichoni. Asha akaanza kusema, akanyamazishwa kwa kidole.

"Hebu tazama pembeni," akanambia. "Ya bandia humiminwa kwenye kalibu, ukiitazama ina vitundu kama chila. Hii haina hata kimoja. Hii imepigwa kwa mashine, na uzito wake sawasawa na ya kwangu. Lakini taji la mfalme wa Kiingereza limekwenda wapi? Mnaisafisha na nini?"

"Ndimu na jivu. Kila Idi, pamoja na masinia."

"Yallah! Mmekula taji zima!"

Asha akacheka mpaka akajishika mbavu. N'kamuuliza Bi Shemsa habari ya msumari.

"Askari wetu walipewa nyota hizi bila ya jina. Ingekuja imeandikwa vizuri ndiyo ningeingia wasiwasi. Ila hapa nyuma naona vitone, khati ya Kiarabu... Mwanaidi. Mwanaidi nani huyu aliyekwenda vitani?"

Hapo nami n'kacheka. Mwanaidi binti Ame ni mama yangu. Masinia yake yakiazimwa shughulini, akiyatia jina kwa msumari ili yarudi. Nyota nayo ilikuwa ikiazimwa na mabwana harusi. Pandu aliivaa, Khamis wa Vuai aliivaa, na Mwinyi wa Shaame akakaa nayo miezi miwili. Kumbe iliporudi mama akashika msumari na nyundo. Utepe ulipooza akatia pindo la kanga yake.

Bi Shemsa akaiweka chini. "Basi nyota ni ya kweli. Lakini sikudanganyi, mama, haisemi ilikuwa ya nani. Baba yako angeweza kuinunua."

Nikahisi kama nimepandishwa ngazi nikaondolewa ngazi.

Akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi, akaikingia mkono nisione. "Usinipe hadithi za vita, kila mtu anazo. Nitajie wenziwe."

Hilo nnaliweza. Kila Alkhamisi baada ya magharibi baba akiwasomea Fatiha wenziwe wa Keya, jeshi la Mwingereza, kwa majina, nami nimekaa ubavuni pake. "Vuai wa Mkadam," n'kasema. "Makame wa Faki. Juma wa Khatibu. Othmani Mmakonde. Na Petro wa Tabora, baba akisema huyu Mkristo, Mungu mwenyewe anajua pa kumweka."

Kila jina Bi Shemsa akichungulia karatasi yake. Kisha akaipindua. Picha ya askari watano, aliyoachiwa na familia moja ya Makunduchi. Nyuma yake majina kwa penseli. Juma tu ndiye hakuwamo. Na la tano, akalisoma polepole: "Haji Kombo, Bwejuu."

Nlimjua kwa masikio. Hata Ali anayo.

Alasiri Bi Shemsa alitutolea nakala ya picha, pande zote mbili, akaniapisha nisiiguse tena nyota kwa ndimu. Tukarudi na Mcha, gari tupu, nami nimelala njia nzima.

Ijumaa, kabla ya ndoa, nlimpelekea Mzee Simai picha mwenyewe. Aliishika mbali, akaishika karibu. Kidole chake kikatua kwa Makame wa Faki.

"Huyu si mjomba wangu huyu?"

"Ndiye. Baba akimsomea Fatiha kila wiki."

Simai akanirudishia picha, akavaa kofia. Alikwenda msikitini akamuozesha Ali, nyota kifuani, utepe wa kanga na yote.

Nlichojifunza ni hiki: shaba ilinambia nusu tu, nusu ya pili nlikuwa nayo mwenyewe mdomoni miaka yote hii. Sasa nnawafundisha wajukuu yale majina, na Petro yumo.

Jumamosi asubuhi Simai akabisha hodi. Mwanawe Mussa anaoa mfunguo mosi, Ramadhani ikisha.

"Bi Mashavu, ile nyota... inaazimwa bado?"

"Chukua," n'kamwambia. "Jina la mwenyewe limo nyuma."