Shemasi wa Karakana ya Reli

Kila jioni shemasi alirudi kutoka karakana ya reli, akasugua mikono kwa mchanga na sabuni mpaka grisi itoke kwenye kucha, ndipo akafungua Biblia. Sauti yake ilikuwa ya chini hata alipokataza, na alikataza mengi: bia, uke wenza, hata kucheza ngoma za chama tawala. Jirani yake Mauwa, muuza mchele wa sokoni Kindu, hakuchoka kubishana naye uani. "Baba Shemasi, dini yenu inaumiza bantu, watu bila kosa. Kasanda, jirani yetu, unamunyima Meza ya Bwana kwa sababu ni muke wa pili. Alikosa nini?" Naye akajibu huku akisugua: "Bila sheria, mama, muji unaoza."

Mume wa Kasanda alipofariki, ndugu za marehemu walikuja kumfukuza, wakaanza kutupa masufuria yake nje. Mauwa alipiga kelele. Watu wakatazama tu. Shemasi akatoka, mikono bado myeusi, akasimama mlangoni pa Kasanda. "Mujane hafukuzwi. Njo vile sheria ya Mungu inasema."

"Wewe mwenyewe unasema huyu si bibi wa ndoa!" mmoja wa ndugu akafoka.

"Nasema vile. Na hapa hamuingii." Walimsukuma, akarudi palepale, hakupandisha sauti, hadi wakachoka wakaenda zao.

Mauwa akaokota masufuria, moyo umejaa shukrani. "Sasa Jumapili utamupa Meza?"

"Hapana, mama. Atakaa nyuma."

"Basi nitakuja kukaa naye kule nyuma," Mauwa akasema, "na kila Jumapili nitakuuliza tena, mbele ya bantu wote."

"Karibu," shemasi akajibu. "Ibada inaanza saa tatu."