Maji ya Nepi Juu ya Moto wa Kanisa

Nilimwaga karai zima la maji ya nepi juu ya moto wa kanisa. Moto ukalia shwaa, majivu yakarukia viatu vya mwenyekiti wa akina mama, na wote waliokuwa na fagio mkononi wakanigeukia.

"Umerogwa?" akauliza mwenyekiti.

"Sijarogwa. Mtoto wangu hapumui."

Nilikuwa nimembeba mgongoni kwa leso, kifua chake kikipiga filimbi kila akivuta pumzi. Chumba chetu pale mtaani Huruma kilitazamana na ukuta wa kanisa. Kila Jumamosi akina mama walifagia uwanja ili Jumapili wageni wakute pasafi, kisha wakachoma takataka: mifuko ya nailoni, maganda, chupa, sahani za plastiki zilizobaki harusini, na vipande vya tairi vya fundi wa viatu vya akala aliyekaa nje ya lango. Tairi ndiyo waliyowashia, kwa sababu inashika hata takataka zikiwa majimaji. Moshi ukaingia kwetu, mweusi, mzito. Nikifunga dirisha tunaiva kwa joto; nikifungua tunakohoa.

Muuguzi wa kliniki aliniambia waziwazi mtoto asikaribie moshi. Nikaenda kuwaomba wale akina mama, kwa heshima. Wakasema nimlete Jumapili aombewe. Nikamleta. Mwenyekiti mwenyewe akamwekea mkono kifuani, akakemea pepo la kikohozi mpaka jasho likamtoka. Nikasema amina, na niliimaanisha. Jumamosi iliyofuata, mkono uleule ukawasha tairi.

"Gari la taka la kanjo limepita hapa lini mara ya mwisho?" mwenyekiti akaniuliza, akipangusa viatu. "Takataka tuziweke wapi, madhabahuni?"

"Maganda wapeni wanaofuga mbuzi hapo nyuma. Chupa zina wanunuzi. Tairi mrudishieni fundi, ni zake."

"Wewe mama mchanga, kanisa hili lilikuwa hapa kabla hujazaliwa!"

"Na hewa ilikuwa hapa kabla ya kanisa."

Mmoja wao akacheka, akajiziba mdomo kwa kitambaa.

Kelele zilimtoa mzee wa kanisa ofisini. Alikuwa karani mjini siku za kazi na alipenda utaratibu. "Dada, hapa hatumwagiani maji," akasema. "Mwenye malalamiko huyaandika, yakafika kwenye baraza la wazee." Akanitazama mikono iliyojaa povu, akarudi ndani. Alidhani yameisha. Lakini mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, na barua rasmi tulifundishwa kwa kiboko.

Mume wangu aliponiona na kalamu akaanza, "Mama, usituaibishe, ndoa yetu ilifungwa pale." Nikamkabidhi mtoto, nikaendelea kuandika.

Jumapili, wakati wa matangazo, nilisimama bila kuitwa. Nikaisoma barua yote kwa sauti, nikaenda mbele, nikamwekea mzee yule mkononi, nikamwambia sikai mpaka aigonge muhuri. Kanisa zima likamngoja. Akaigonga. Ilisema hivi:

"Kwa Baraza la Wazee. Yah: Uchomaji wa takataka na tairi katika uwanja wa kanisa.

Mimi ni mshirika wa kanisa hili, nimebatizwa hapa na sadaka natoa. Nalalamika kwamba moshi wa moto mnaouwasha kila Jumamosi unaziba kifua cha mwanangu na vya watoto wengine wa ploti yetu. Mnahubiri kwamba dunia ni mali ya Mungu. Basi na hewa ni yake, hamna ruhusa ya kuichafua. Nataka moto huo ukome kuanzia Jumamosi ijayo, na tairi isiingie tena langoni. Kumwombea mtoto endeleeni, ila mwombeeni mahali anapoweza kupumua.

Wenu katika Kristo.

Nakala: Afisa wa afya wa eneo hili. Yake nimeshampelekea."