Mafuta Kwenye Lori la Busawe

Miaka ile ya dhahabu hakuna kijana aliyesema anasafiri. Tulisema tunawahi. Ukisikia kuna rashi mpya, yaani watu wameona mawe mazuri mahali na wengine wanakimbilia huko, unafunga godoro lako na kuwahi. Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa nyumbani Nyarero wiki tatu tu. Baba ananionyesha shamba la mihogo, mimi naangalia barabara.

Siku ninayoikumbuka hapa nilikuwa nawahi kwa sababu ya maji. Duara letu, shimo tulilolichimba watu wanne kwa miezi mitano upande wa Serengeti, lilijaa maji siku mbili baada ya kuufikia mwamba wenye mali. Pampu tuliazima, petroli hatukuwa nayo. Na kundi la jirani lilikuwa linatoboa chini kwa chini kutuelekea. Sheria ya pale ilikuwa moja: anayeusimamia mwamba ukiwa mkavu ndiye mwenye nao. Wenzangu wakanituma Tarime.

"Kesho asubuhi uwe hapa," wakaniambia. "Ukichelewa, mura, usirudi kabisa. Pitiliza kwa shemeji zako Kenya ukafuge kuku."

Petroli niliipata. Tatizo lilikuwa usafiri. Siku ile ya gulio ni lori moja tu lililokuwa linakwenda Busawe, kwenye machimbo yetu, na dereva wake alijulikana kwa jambo moja: hapakii petroli pamoja na watu. Alishashuhudia lori la mwenzake likiungua. Basi nikaimimina katika madumu mawili ya njano ya mafuta ya kula, nikayafunga kwa nailoni, na kwa nje nikapaka mafuta kidogo ya alizeti ili yanate vidoleni.

Dereva akaligusa dumu moja kwa ncha ya kiatu. "Humu kuna nini?"

"Mafuta."

Sikudanganya. Kiswahili ndicho kilichonibeba. Ya kupikia ni mafuta, ya taa ni mafuta, ya kujipaka ni mafuta, ya pampu nayo ni mafuta.

"Ya mama ntilie?"

"Anayasubiri," nikasema. Hapo ndipo nilipodanganya.

Juu ya mizigo tulikaa kama watu kumi na watano. Ubavuni mwangu alikaa mama mmoja aliyekuwa anahamishia mgahawa wake machimboni: mabenchi, sufuria kubwa ya maharage aliyoyaloweka tangu alfajiri, na ndoo ya bati iliyofunikwa kwa sinia. Mbele yetu alikaa mzee wa Bukoba aliyefanya kazi miaka mingi kwenye meli ya abiria ziwani, kabla dhahabu haijamvuta na yeye.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Una kiberiti?"

"Sina."

"Vizuri. Kaa."

Alituuliza wote, mmoja mmoja. Kijana mwenye koti la ngozi alikuwa nacho, akagoma kukitoa. "Kwani wewe ni nahodha?"

"Nahodha hakuwa na kazi ngumu," mzee akasema. "Kazi ngumu ilikuwa yetu sisi wa moto. Tulikuwa na ndoo za mchanga, mipira ya maji, kengele, na bado abiria walitushinda. Mmoja aliwasha jiko la mafuta ya taa chini ya kitanda, anachemsha uji wa mtoto. Namwambia, mama, huoni maandishi ukutani? Ananijibu, mtoto hajui kusoma."

Tulicheka mpaka dereva akapiga honi.

"Lakini nahodha," akasema yule kijana, "hapa si majini. Tukiungua si tunashuka tu?"

"Na wale walisema hivyohivyo. Tukiungua si tunaruka tu majini."

Tukavuka daraja la Mto Mara, lori likashika kasi. Sijui kama nitawahi tena kuwa na furaha ya namna ile: upepo usoni, vumbi nyuma, watu wanaimba nyimbo za lugha tatu kwa wakati mmoja, na mbele kuna mwamba unaoningoja. Nilikuwa nahesabu vilima. Mzee yeye alikuwa ameacha kuimba. Alikuwa ananusa.

"Kuna petroli hapa."

"Mzee, hili ni lori," mama akamwambia. "Lazima linuke petroli."

"Lori hili ni la dizeli."

Watu wakatazamana. Mimi nikatazama vilima. Nilijua nikisema, madumu yatashushwa porini na duara litakwenda. Nilipima watu kumi na watano na shimo moja, nikachagua shimo. Hilo sijalisema mara nyingi.

Kisha lori likaingia kwenye korongo dogo kwa kishindo, sinia likaruka, na moshi ukatoka kwenye ndoo ya mama. Chini ya majivu alikuwa amebeba makaa mekundu, ya kuwashia jiko akifika. Kaa moja likadondoka kwenye gunia lililokuwa kati yetu, gunia likashika. Kutoka pale mpaka kwenye madumu yangu ni urefu wa mkono.

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. "Yale madumu si ya kula! Ni petroli! Ni petroli yangu!"

Mzee alishapiga paa la kebini kwa ngumi zote mbili. "Simamisha! Madumu kwanza, mkono kwa mkono! Yapelekwe kule upepo unakotoka! Wewe, acha kupepea, vua koti ufunike!"

Kijana akalivua koti lake la ngozi na kulilalia gunia. Madumu yakapita juu ya vichwa kama watoto wanaobatizwa. Mama, bila kuambiwa na mtu, akanyanyua sufuria na kummwagia yule kijana maharage yote, na maji yake, mgongoni. Moto ukafa kwa sauti ndogo, tss, kama chapati inayogeuzwa.

Tulikuwa tumeshuka wote, tunacheka. Kijana alikuwa anatoa maharage kwenye kola.

"Kumbe nimekaa na kaburi langu ubavuni!" mama akanifokea.

"Na mimi la kwangu, mama."

"Nyamaza! Kule machimboni moto unaupata wapi? Ningepikia nini?"

Dereva akaja taratibu, akasimama mbele yangu. "Uliniambia mafuta."

"Ni mafuta."

Alicheka mara moja, kicheko kifupi kikavu. Makaa ya mama yakazikwa mtaroni, mama akaruhusiwa kupanda. Mimi sikuruhusiwa. "Tembea na mafuta yako," dereva akasema.

Nilitembea na dumu kila mkono, nikipumzika kila hatua mia, jioni nikalala Nyansurura kwa watu nisiowajua walioniambia niyaache madumu mbali na nyumba. Nilifika machimboni kesho yake saa sita mchana. Nilikuwa nimechelewa kweli. Alfajiri majirani walikuwa wametoboa na kuingia kwetu.

Lakini walitoboa chini ya usawa wa maji. Maji yetu yote yakawaendea wao, wakatoka mbio wakiacha masururu yao chini. Nilikuta makundi mawili yamesimama juu ya mashimo mawili yaliyojaa nusu nusu, wanatukanana kwa Kikurya na Kisukuma, na hakuna upande wenye petroli.

Wakaniona. Matusi yakakatika. Kiongozi wa majirani, ambaye hakuwahi hata kunisalimia, akanipokea dumu moja na kuniuliza kama nimekula. Kabla jua halijazama tulikuwa tumekubaliana: pampu yetu, petroli yetu, mwamba nusu kwa nusu. Pampu ikakohoa, ikakataa, ikashika, na maji mekundu yakaruka kwenye mpira. Waliokuwa wa kwanza kushangilia ni majirani.