Bwana wa Boma Amesoma Gazeti Langu

Jamani, sikilizeni yaliyonipata.

Leo askari amekuja kunitoa ofisini, mimi mhariri wa gazeti la misheni, akanipeleka bomani kwa Bwana Mkubwa, yule Mjerumani.

Nikajua ni viboko.

Mezani pana toleo letu jipya. Limefunuliwa pale nilipoisifia Ikombe, kijiji chetu cha ufukweni mwa ziwa: mitumbwi tele, wa mjomba wangu ukiwamo, akina mama wakivusha vyungu kwenda kuviuza Matema.

"Umeandika wewe?"

 Nikaitikia kwa kichwa.

Akatabasamu. "Ndaga," akanishukuru, tena kwa Kinyakyusa chetu!

Halafu akamgeukia askari: "Vita inataka mitumbwi. Kesho chukueni yote."

Ndugu zangu wa Ikombe, izamisheni sasa hivi!

Na mjomba wangu huko bado anawasomea majirani gazeti, anajivuna mtumbwi wake umetajwa.

Nani atamwambia?