Firigisi ya Baba

Kwetu kuku alikatwa kwa viungo, hakupigwa panga. Mama alisema panga linaacha vipande vya mfupa kwenye mchuzi, na ni kweli, lakini sababu hasa ni kwamba kila kipande kilikuwa na mwenyewe, na kipande kilichovunjika kilileta ugomvi. Mapaja yalikuwa ya wageni, na wageni wasipokuwepo, ya kaka zangu. Mimi, binti pekee, nilipewa bawa. Mama alichukua shingo, akaifyonza mfupa kwa mfupa huku akidai ndiyo tamu kuliko zote, nami nilimwamini mpaka nilipokua na kuionja. Firigisi ilikuwa ya baba.

Mama alijua kumpika kuku kwa kila namna inayowezekana penye mafiga matatu. Jogoo mzee alichemshwa tangu asubuhi na tangawizi ya shambani, kisha zikaongezwa ndizi mchuzi ukishakolea. Tetea aliyeacha kutaga alichemshwa kidogo tu, halafu akakaangwa kwa mafuta yake mwenyewe. Msimu wa baridi, ukungu unapokaa siku tatu bila kuondoka, nyama iliyobaki ilitundikwa juu ya moshi ikawa nyeusi na ngumu, tukaila wiki nzima. Firigisi haikuingia katika yote hayo. Ikishapasuliwa, ikatolewa mchanga na kumenywa ile ngozi ya njano, ilichomekwa kwenye kijiti na kubanikwa peke yake pembeni mwa moto, kwa chumvi tu. Mama aliiweka kwenye kibakuli cha bati, akaifunika kwa kisosi, akampelekea baba sebuleni, alikokaa kwenye kigoda chake.

Baba alifariki, tukamzika mgombani nyuma ya nyumba. Kaka zangu wakarudi mbali wanakofanya kazi, mimi nikarudi Same mjini, kwenye nyumba yangu yenye jiko la gesi na upepo wa vumbi. Mama akabaki juu milimani, peke yake na kikohozi. Daktari alimwambia waziwazi kwamba moshi wa kuni umemharibu mapafu, na kwamba akiendelea nao hatafika mbali. Nikamwandalia chumba, nikanunua kitanda. Kila nilipopanda kumchukua alisema, "Nitashuka, mwanangu," kisha akanifungashia tangawizi na kunisindikiza hadi barabarani.

Jumamosi moja nilimkuta ameshamwomba jirani amchinjie jogoo. Saa nane mchana ukungu ulikuwa umeingia hadi jikoni, nikawa nauona ukipita kati yetu. Mama akabanika firigisi, akaifunika kwa kisosi, akaipeleka sebuleni. Nilidhani anamwekea mgeni. Akarudi, akafunga mlango wa sebule nyuma yake, tukala jikoni tukizungumza habari za kanisani. Tulipomaliza akanituma nikalete kibakuli.

Kilikuwa kitupu. Hata chumvi haikubaki. Kisosi kilikuwa kimewekwa pembeni, kimegeuzwa, kama baba alivyokuwa akikiweka. Nilichungulia chini ya kochi na nyuma ya kabati nikitafuta paka, ingawa nilijua mama hafugi paka. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa komeo. Mwisho niliinama nikagusa kigoda kwa kiganja, nikakikuta kina joto, katika chumba ambacho mimi nilikuwa nimevaa sweta mbili.

Nilirudi jikoni na kibakuli kitupu. "Mama, nani amekula?"

"Mwenyewe."

"Baba amekufa."

"Najua. Tulimzika wote." Akakohoa kwa muda mrefu, akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Sasa nikishuka huko kwako, nani atambanikia?"

Niseme ukweli, niliogopa, lakini hasira ilizidi. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Niliona kwamba baba, ambaye enzi za uhai wake hakuwahi kuosha hata kikombe, sasa anamfunga mama kwenye moshi mpaka amuue. Nilishuka na hasira ile mpaka Same, nikakaa nayo mwezi mzima.

Nilipopanda tena nilikwenda na kuku wangu. Nikaomba nipike mimi, mama apumzishe kifua. Akatoka kwenda kukata majani ya mgomba ya kufunikia sufuria. Firigisi ilikuwa imeshaiva kijitini, mafuta yakidondoka kwenye makaa. Nikaichomoa, nikaila nimesimama, ikiniunguza ulimi. Sijawahi kumwona mwanamke wa kwetu akila firigisi, na mimi, mtu mzima na akili zangu, niliitafuna harakaharaka kama mwizi.

Nilikuwa nameza niliposikia kigoda kikisogezwa sebuleni. Ilikuwa mara moja tu, ule mkwaruzo wa mti kwenye sakafu pale mtu anapoinuka. Kisha zikaja hatua za taratibu. Zilitoka sebuleni, zikanipita hapo jikoni nilipokuwa nimesimama, zikatoka nje kuelekea barabarani. Sikuona mtu. Ukungu wa mlangoni uligawanyika kidogo, ukarudi. Kuku waliokuwa wakidonoa uani walisogea kando kupisha.

Mama akaingia na majani yake. Alitazama kijiti, kisha akanitazama mdomo.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Ilikuwa imekauka vizuri?"

"Imekauka."

Nilitegemea anifokee. Aliweka majani chini, akaenda sebuleni, na baada ya muda nikamsikia akilia, kwa sauti ndogo ambayo sikuisikia hata siku ya mazishi. Aliporudi alichukua kata ya maji akaumwagia moto.

"Umemchukua," akasema. "Sasa mimi nibaki hapa na nani?"

Yule kuku tulimpa jirani, nusu mbichi. Siku ya pili yake tukashuka Same, mama na mfuko mmoja tu wa nguo.

Sasa ni mwaka wa tatu. Kikohozi kimekwisha, mama amenenepa, anacheka na majirani kibarazani. Kuku napika mimi, kwa namna zangu: rosti ya nyanya, kuku wa nazi niliyefundishwa kumpika na jirani aliyetoka Tanga, kuku wa kukaanga. Mwanzoni niliitumbukiza firigisi pamoja na vipande vingine, makusudi, nikiitazama inavyozama. Sikuikuta hata mara moja wakati wa kupakua. Haikuwa kwenye rosti, haikuwa kwenye nazi, haikuwa kwenye mafuta yanayochemka. Mama alinitazama nikikoroga sufuria kwa mwiko kuitafuta. Nimesalimu amri. Nina jiko dogo la mkaa uani kwa kazi moja tu ya kubanika firigisi, na stuli ya plastiki sebuleni ambayo mgeni haruhusiwi kuikalia. Nikirudi kutoka kazini nikaikuta imegeuzwa kuelekea dirishani, upande wa milima, nywele hunisimama. Kisha naenda kuwasha mkaa.

Jumapili iliyopita nilimpakulia mama shingo kama kawaida. Akaishika, hakuila.

"Mimi mtanizika kule juu, mgombani, pembeni ya baba yako," akasema. "Si ndiyo?"

"Hayo ni ya mbali, mama."

"Nitakuwa peke yangu kule. Yeye yuko hapa." Akaivunja ile shingo, akanisogezea nusu kwenye sahani yangu. "Nikishaondoka, mkichinja kuku, shingo usimpe mtu. Uile wewe mwenyewe."

Nikamwambia nitaila. Nikaanza kuifyonza ile nusu, mfupa kwa mfupa, machozi yakinitoka, na wala sijawahi kupenda shingo.