Mgane Ambaye Sikumwandika

Kosa langu la kwanza, katika wasifu wa kwanza niliowahi kuandika, lilikuwa sentensi moja: "Marehemu hakubahatika kuolewa." Niliipiga chapa bila kukosea hata herufi moja. Niliisoma mwenyewe kwa sauti, mbele ya watu waliojaa uani kwake hapa Sumbawanga, na mume wake alikuwa amekaa mkekani, hatua nne tu kutoka miguuni pangu.



Marehemu alikuwa afisa ustawi wa jamii, nami karani wake wa muda. Shule niliishia darasa la saba. Kupiga chapa nilijifundisha mwenyewe kwenye mashine kuukuu. Nikikosea herufi nilichomoa karatasi na kuanza upya.

"Mwanangu," alikuwa akiniambia, "huyu mtoto anataka kwenda shule, hataki barua nzuri. Lete nitie sahihi."

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara huria iliporuhusiwa. Mitumba ilifurika sokoni, matajiri wa mahindi walipanga malori Laela, na serikalini watu walikuwa wakipunguzwa kazi. Ofisi yetu haikuwa na petroli wala posho. Yeye alikwenda kwa baiskeli, au aliomba lifti. Ng'ombe wa wafugaji waliohamia kutoka kaskazini wakiingia kwenye ulezi wa wakulima, wengine walikimbilia polisi. Yeye alikwenda kuuliza watoto wa pande zote mbili wamekula nini. Mwezi wa sita mmoja, kwenye baridi ile inayouma masikio, nilimwona akivua sweta lake na kumvika bibi aliyefukuzwa na wanawe kwa tuhuma za uchawi. Akamrudisha nyumbani, akalala huko siku mbili ili wanawe wamzoee tena mama yao.

Mume wake alimpata kwenye kazi hizo hizo. Alikuwa mfugaji, mrefu, mpole, aliyeletwa ofisini kushtakiwa kwa ajili ya shamba lililoliwa, akaishia kumtengenezea baiskeli. Waliishi pamoja miaka kumi na mmoja. Hawakufunga ndoa, kwa sababu mjomba wa mke, Mfipa wa kanisani kila Jumapili, aliikataa mahari. "Ng'ombe hao wameshakula ulezi wetu," alisema. "Sasa wanataka wale na mtoto?" Watu walicheka. Mjomba hakuwa anatania.

Kila adhuhuri mume huyo alileta chakula ofisini: ugali wa ulezi na maharage, au dagaa wa Kirando wakipatikana. Wanaume wa barazani hawakumwacha.

"Shemeji, leo umepika au umechemsha?"

"Nimepika. Wewe mkeo kakuachia nini, ufunguo?"

Alikaa mpaka mkewe amalize kula, akaondoka na bakuli. Siku za mvua alimfuata njiani na viatu vikavu. Mimi pia nilikula chakula kile, mara nyingi, nikalamba na vidole. Nalisema hili ili usije ukadhani sikujua.

Siku aliyokufa mama, kama sote ofisini tulivyomwita, aliniaga anakwenda Laela kumwona mtoto yatima. Mchana mtu mmoja aliingia ofisini akasema lori la mahindi alilopanda mama limepinduka, na mama hayupo tena. Nilimjibu, "Ngoja nimalize mstari." Nikaumaliza. Nikaweka nukta. Ndipo maneno yake yaliponifikia.

Wakubwa wa ofisi waliniambia niandike wasifu kwa kuwa mashine naijua. Nilifungua faili lake la kazi. Mahali pa hali ya ndoa aliandika, miaka mingi kabla, "sijaolewa". Nilitazama neno lile muda mrefu. Niliogopa padre. Niliogopa mjomba. Zaidi niliogopa kuandika jambo ambalo mtu angeniuliza cheti chake. Nikajiambia karatasi ndiyo ukweli.

Nilipoisoma ile sentensi, mume aliinua uso akanitazama, bila hasira, kama mtu aliyezabwa kofi na mwanawe mwenyewe. Nikaendelea kusoma. Makaburini waliitwa wazazi waweke udongo, wakaitwa ndugu, tukaitwa sisi wa ofisini. Mgane hakuitwa. Alisimama nyuma ya wote, ameshika donge la udongo, mpaka likavunjika mkononi.

Tuliporudi, mjomba alimwambia mbele yangu, "Umesikia wasifu. Ameandika mtu wa serikali. Nyumba hii ni ya mtoto wetu."

"Matofali yake nimeyafyatua mimi."

"Ulifyatua kama kibarua. Siku ya kuanua matanga hatutakunyoa. Nenda kwa ng'ombe zako."

Kwetu siku hiyo wafiwa wa karibu hunyolewa nywele, kisha ukoo hukaa kugawa vilivyoachwa. Asiyenyolewa si mwenye msiba, na kikaoni hana neno.

Siku tatu nilikaa kwenye mashine. Niliandika barua ya kuomba radhi, nikaichana, nikaandika nyingine, nikaichana pia. Siku ya kuanua matanga nilikwenda mikono mitupu, nikasimama katikati ya ua.

"Shikamooni wazee. Wasifu niliousoma ulikuwa wa uongo. Mama alikuwa na mume, na mimi nilijua."

"Kijana," mjomba alisema, "wasifu husomwa mara ngapi? Au marehemu atazikwa tena?"

"Hapana, mjomba."

"Cheti kiko wapi?"

"Hakipo."

Baadhi walicheka. Ningekimbia kama mama mzazi wa marehemu hangezungumza kutoka mlangoni.

"Kaka, wewe uliikataa mahari. Leo unamdai cheti?" Mjomba akafungua mdomo, dada yake akamkatiza. "Mwanangu alipougua tumbo, nani alikuwa akimnawisha? Ulikuwa wewe? Leteni wembe."

Mzee mmoja alimnyoa mgane, maana mama mkwe hamgusi mkwewe. Mimi nilishika beseni la maji. Mjomba alitoka nje ya ua, hakurudi siku ile. Kikao kilimwachia mgane nyumba yake. Hakuniangalia, na sikustahili kuangaliwa: nyumba niliweza kusaidia irudi, lakini mazishi ya mkewe yalikwisha kupita bila yeye kuweka udongo, na hakuna wa kuyarudia.

Watu bado huniita niwaandikie wasifu. Siku hizi siulizi karatasi. Nauliza marehemu alikuwa akila na nani, nakwenda kukaa na mtu huyo, na jina lake naliandika baada tu ya majina ya wazazi.